Mrija wa Kaka Mkubwa

Kilosa, 3 Mei 2024. Mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke Turwa, Tarime.

Mpendwa mshauri, naomba msaada kuhusu mdogo wangu Wangwe, maana mapigano ya koo yaliponiondoa nyumbani, mimi mzaliwa wa kwanza, wazee walisema mrija wangu wa kunywea kwenye chungu cha pombe cha ukoo usikauke mpaka nirudi, wakampa yeye, naye kwa utii amenywa fungu lake na langu miaka yote hii, na chungu kikiisha humalizia na gongo. Sasa anayumba hata asipokunywa, hakumbuki alichokula asubuhi, na nikimpigia simu ananisimulia kwa furaha mambo ambayo hayakutokea. Juzi aliniambia, "Kaka, jana dume letu la ng'ombe lilikukimbiza mpaka ukapoteza kandambili, na wewe unajiita mkubwa." Nikacheka, kisha nikakumbuka kwamba dume hilo lilikufa tukiwa vijana. Mkewe Winfrida anasema amechoka kuishi na mwongo, anataka kurudi kwao. Wazee wanasema amelogwa. Wote wananitaka nirudi nimkemee, lakini nyumba yangu na kaburi la mke wangu viko huku. Mimi nampenda. Je, nimsahihishe?

Magige

Shikamoo, mzee Magige. Pole sana, na uniwie radhi nikikukaripia kidogo: umesikia anayumba na kusahau, ukaniandikia mimi kabla ya kusema apelekwe hospitali? Mpigie Winfrida leo. Wangwe si mwongo. Pombe ya miaka mingi huumiza ubongo na kuunyima vitamini B1. Kumbukumbu ikitoboka, ubongo huziba tundu kwa hadithi, na mwenyewe huiamini. Mama huyo ajue anauguza mume, hadanganywi. Madaktari waelezwe anakunywa kiasi gani, na asiachishwe ghafla nyumbani, maana anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Akiwahishiwa sindano za vitamini atapata nafuu, ingawa siwezi kukuahidi kwamba yote yatarudi.

Kuhusu dume, usimsahihishe. Mwulize nani alilikamata.

Ila mrija ni wako, na wazee hawatamnyang'anya alichopewa kwa jina lako. Wapigie wewe. Sema, "Mrija wangu utundikwe ukutani, ukauke. Mdogo wangu asinywe tena kwa ajili yangu." Watakuuliza utakuja lini kuutumia. Usiwazungushe, mzee wangu. Maadamu wanakungoja, Wangwe ataendelea kukushikia nafasi. Waambie hutarudi.