Pikipiki ya Baba Uliyoiita Mke Mwenzako

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na magoti yako, maana najua usipoulizwa husemi: yamepungua kuuma tangu upate ile dawa ya kuchua? Na mjukuu wako, jino lililokuwa likimliza limeshatoka? Msalimie dada na shemeji, na mtoto umbusu shingoni kwa niaba yangu. Huku mimi sijambo. Paa la jikoni limezibwa, kuku wako wawili wameatamia, na kituoni kwetu maziwa yameongezeka hadi chupa za kupimia hazitoshi. Jirani yetu muuguzi anakusalimu sana. Anasema nyumba hii imekuwa kubwa mno bila sauti yako.

Mama, barua hii nakuomba uisome mwenyewe. Vaa miwani, kaa mahali ambapo hakuna atakayekuita, wala usimpe dada akusomee. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ningekusikia unavyovuta pumzi, ningeingiwa na woga, ningegeuza maneno. Nimeshafanya hivyo mara tatu.

Alhamisi alikuja mtu kuitazama pikipiki ya baba, kama ulivyoagiza. Ni fundi seremala, mtu wa makamo, mpole, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Nilimfungulia banda. Hakuuliza bei. Alichuchumaa, akapitisha vidole kwenye mapezi ya silinda, yale mabamba membamba yanayopoza injini kwa upepo, kama mtu anayepapasa mbavu za mnyama aliyekonda. Akaniambia ujana wake wote aliumaliza juu ya pikipiki kama ile, akipanda na kushuka milima akiwa na spana moja na kipande cha waya mfukoni, na kwamba tangu aiuze yake hajapata tena chombo kinachomwambia kitu. Kisha akauliza, kwa upole tu, mara ya mwisho ilitembea lini. Nilisema nimeacha maziwa motoni, nikamwacha bandani peke yake, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba hadi nilipomsikia akifunga geti.

Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kuna jambo dogo nianze nalo. Unakumbuka zile likizo za shule, baba alipokuwa akinichukua kwenda kuchanja ng'ombe, nawe ukidhani kazi yangu ni kupakata sanduku la chanjo? Sanduku lilikuwa langu hadi kona ya pili tu, pale ambapo nyumba yetu haionekani tena. Hapo baba alikuwa akishuka, ananiweka mbele, yeye anakaa nyuma na sanduku lake. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Alinikataza kutazama gia. Alisema nimsikilize Mbuzi, kama alivyoiita pikipiki yake, atanieleza mwenyewe anapotaka nini. Kweli alieleza. Akitaka gia ndogo alikohoa; akichoka kwa jua na mlima alitoa harufu ya chuma kilichoungua, nasi tulisimama, tukakaa kwenye majani, tukamwachia upepo amalize kazi. Baba alikuwa akijisifu kwamba wafugaji nusu ya wilaya aliwafahamu kwa sababu ya kusimama kupoza injini. Basi ujue, mama, kwamba nimejua kuendesha miaka yote hii. Ulipokuwa ukimuuliza baba kwa nini suruali zangu zina alama ya kuungua na bomba la moshi, yeye ndiye aliyekuwa akikohoa na kuinuka mezani.

Sasa nije kwenye lile kubwa.

Miezi ya kiharusi chake waijua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyemgeuza, ukamwogesha, ukamfundisha upya kusema maji na chumvi. Dada alipokaribia kujifungua hukutaka kwenda, na ni baba mwenyewe aliyekusukuma kwa ule mkono wake mzima hadi ukacheka. Ukaniachia maagizo: dawa zimepangwa rafuni, blanketi zito limekunjwa miguuni pa kitanda, na asitolewe nje, kwa kuwa daktari wa hospitali alionya asitikiswe wala asipigwe na baridi. Nilikuapia mbele yake.

Wiki ya pili, yule daktari wa mifugo aliyechukua nafasi yake alikuja kumjulia hali. Kijana mwenye adabu, sina la kumlaumu. Alikuja na pikipiki mpya ya ofisi, akaiingiza hadi chini ya dirisha ili baba aione. Akamweleza kwamba hii inapozwa kwa maji, ina rejeta, na pia ina kompyuta ndogo inayowasha taa kukiwa na hitilafu. Baba aliisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama kama alivyokuwa akisikiliza tumbo la ng'ombe. Mgeni alipoondoka, nilimuuliza ameionaje. Alichukua muda mrefu kuyakusanya maneno.

"Nzuri," akasema. "Lakini haizungumzi na mtu. Inazungumza na taa."

Tangu siku ile hakulala mchana. Alikuwa akisikiliza pikipiki zinazopita barabarani na kuzitaja moja moja, hii mnyororo umelegea, hii imekosewa kabureta, hii mwenyewe ana haraka ya bure. Kisha akaniomba nimtoe. Si mbali, alisema, hadi kilimani tu, akae nyuma yangu, asikie upepo. Nilikataa. Akaniomba tena kesho yake, nikakataa kwa ukali, nikakutaja wewe. Hakuomba mara ya tatu. Aliniambia nimletee plagi ya Mbuzi na mswaki mkuukuu. Nikadhani ni mchezo wa mgonjwa. Nilipotoka kazini jioni nilimkuta bado anaisugua. Ameibana plagi katikati ya magoti, anasugua kwa mkono mmoja, mashuka yamejaa masizi, na jasho linamtiririka kama mtu anayelima. Alininyooshea ikiwa inang'aa.

Mama, ningekuwa na moyo wako ningekataa hata hapo.

Siku iliyofuata ilikuwa mapumziko yangu. Saa tatu asubuhi, jua limeshika, nilimvika koti lake la kazini na kofia ngumu. Nikamleta Mbuzi ubavuni mwa ngazi ya baraza, akapanda kwa upande wake mzima, nami nikamfunga kiunoni mwangu kwa ule mkanda mpana aliokuwa akifungia ndama. Tangu baba augue, Mbuzi hakuwa ameguswa. Baba akanielekeza begani: vuta choki, bonyeza polepole hadi pistoni ikaze, hapo sasa kanyaga bila kumwonea huruma. Mara ya nne aliitika. Nilimsikia baba nyuma yangu akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu wa zamani.

Tulikwenda taratibu. Barabara ilikuwa imenyeshewa usiku, hakuna vumbi, udongo umeshikana. Alipoona shamba la mtu alimtaja mwenyewe na ugonjwa wa ng'ombe wake. Mguu wake mbovu uligonga mashimo nikausikia, lakini kila nilipotaka kurudi alinifinya ubavu kwa kidole: mbele.

Katikati ya kilima injini ilianza kunuka, nikasimama kama alivyonifundisha. Hapo ndipo aliponisimulia jambo ambalo ninyi wawili hamkuwahi kunisimulia. Kwamba mahali pale pale, dada akiwa bado tumboni na uchungu umekushika, alikupakia kwenda hospitali na Mbuzi akazidiwa na joto. Kwamba ulishuka ukamtukana yeye na ukoo wake wote, hukumsaza hata shangazi aliyekuwa ameshafariki. Halafu ukamvua pama yake kichwani, ukaanza kuipepea injini kama anayempepea mgonjwa, ukiiambia, "Pumua, mke mwenzangu, pumua, tuna safari." Mimi nilidhani jina hilo lilikuwa la wivu. Baba alicheka kwa ule upande mmoja wa mdomo hadi machozi yakamtoka. Akasema siku ile ndipo alipojua ameoa. Maneno yake ni hayo hayo, sikuongeza.

Kisha akaomba tufike juu.

Tukaondoka kwa gia ya kwanza. Kulikuwa na kona tatu. Kwenye mojawapo nilisikia kichwa chake kimelala mgongoni kwangu, nikafikiri amechoka, nikafikiri amepata raha. Sijui ilikuwa kona ipi, mama. Nimeipanda barabara ile kichwani kila siku na sijui. Nilifika juu, nikazima injini, nikamwambia, "Baba, tumefika." Nikasubiri anijibu. Nilisubiri hadi chuma cha injini kikaacha kulia kwa kupoa, na mimi bado nimeangalia mbele, kwa kuwa nilijua nikigeuka itakuwa kweli.

Baba hakufia kitandani kwake. Alifia kilimani, amefungwa mgongoni kwangu kwa mkanda wa ndama.

Dereva wa gari letu la maziwa ndiye aliyetukuta, akiwa anakwenda kukusanya. Yeye ndiye aliyemfungua baba, maana vidole vyangu vilikataa. Tulimlaza baba nyuma ya gari, nami nikamshika kichwa. Mbuzi pia tulimpakia. Dereva aliniambia njiani kwamba hakuna haja ya mtu kujua, kwamba ukweli ule hautamfufua na wewe utakuumiza bure. Nikashika neno lake kama mtu anayezama anavyoshika chochote. Tukamlaza kitandani. Nikamvua viatu na koti. Nikalikunjua blanketi lako nikamfunika hadi kifuani. Ndipo nikamwita muuguzi, na ndipo nikakupigia wewe nikasema, "Baba amelala, hakuamka."

Miezi saba umeniambia kila simu kwamba kinachokupa usingizi ni kujua aliondoka chini ya blanketi ulilolikunja kwa mikono yako. Kila ukisema hivyo nakujibu ndiyo mama. Siwezi tena.

Nilikwenda hospitali mwezi wa tatu baada ya mazishi nikamweleza daktari kila kitu. Alisema kiharusi cha pili kingeweza kuja kitandani, msalani, popote. Alisema pia kwamba mtikisiko ule haukumsaidia. Nimeyaandika yote mawili ili usidhani nimechagua lililo tamu. Sikuandikii unipe pole. Nilikuvunjia kiapo, hilo moja. Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba siku yake ya mwisho ilikuwa yako, na mimi niliichukua, kisha nikakuletea uongo mahali pake. Kicheko kile cha kilimani kilikuwa chako kukisikia. Nimekaa nacho peke yangu kama kitu cha wizi.

Jana nilimweleza jirani yetu muuguzi. Aliendelea kuchambua maharage. Kisha akasema alijua kuna kitu, kwa sababu alipomwosha baba alikuta tope bichi kwenye pindo za suruali yake. Aliifua suruali ile na kuianika kabla hujafika, na miezi yote hii amekuwa akingoja nimwambie mwenyewe. Nililia, mama, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Fundi seremala nimemjulisha kwamba Mbuzi si wangu kumtoa. Amesema atangoja neno la mwenye mume. Uamuzi wowote utakaotoa, hata kama ni kumvunjavunja kwa shoka, nitautekeleza.

Nimeomba ruhusa kazini. Barua hii atakuletea kesho dereva wa basi, na Ijumaa nitakuja mwenyewe kwa basi hilo hilo, linafika kwenu saa nane mchana. Sitaleta zawadi wala mtu wa kuniombea. Kama utakuwa tayari kuniona, nitafurahi kupita maelezo. Kama bado, usijilazimishe na usiniandalie maneno: mwambie tu dada asimame getini peke yake. Nitamwona tangu mbali, nitaelewa, nitapanda basi la kurudi, na sitakuhesabia kosa.

Kunywa dawa zako. Usilale bila kula kwa ajili yangu. Wape wote salamu zangu, ila uwape baada ya kumaliza kulia, wasije wakakuuliza.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
niliyekuwa naye.