Karibu Tule, Starehe

Jumatatu, 27 Mei

Mgeni amefika. Anaitwa Wibke, Mjerumani, mrefu mpaka kainama kuingia mlangoni mwangu – nyumba za mtaa huu wa Alfama zilijengwa kwa watu wafupi na wabishi kama mimi. Amechukua chumba cha nyuma, kile ambacho marehemu mume wangu Abel alikuwa akishonea viatu. Atakaa wiki tatu. Kireno chake kimenyooka, kinapita hata cha mtoto wa jirani yangu Odete aliyezaliwa hapa hapa.

Kazi yake? Anaandika kwenye mtandao jinsi msafiri mwenye mfuko mwembamba anavyoweza kuishi Lisbon bila kufilisika. Nimecheka. Nikamwambia, mwanangu, ukiigundua siri hiyo niambie na mimi, nimo humu tangu nizaliwe.

Kitu cha kwanza alichouliza ni bei ya sabuni. Cha pili, kwa nini jiji linamtoza kodi kwa kila usiku anaolala. Nikamwambia hilo akaliulize jiji.

Jumanne, 28 Mei

Leo nimepatikana.

Meza yangu iko dirishani, na dirisha liko chini kiasi kwamba anayepita njiani anaona mpaka mifupa ya samaki kwenye sahani. Nikiwa nakula, akapita Bwana Hermínio, jirani wa juu, anapanda ngazi za mtaa na mkate wake kwapani, kama kila jioni. Nikasema, "Karibu tule, Bwana Hermínio." Akavua kofia. "Starehe, Bi Zulmira." Akaenda zake. Ndivyo ilivyo tangu mkewe afariki. Wakati mwingine anaongeza neno kuhusu mvua, halafu mimi nashinda na neno hilo mpaka kesho yake. Ni upuuzi, najua. Mwanamke wa umri wangu.

Sasa, sheria kila mtu anaijua. Anayekula lazima akaribishe. Anayekaribishwa lazima akatae. Asiyekaribisha hana adabu, na anayekubali – sijui anaitwaje, maana sijawahi kumwona.

Nimemwona leo. Wibke kaingia, mimi mdomo umejaa, mazoea yakaniponyoka: karibu tule. Akasema ahsante sana! Kavuta kiti. Kakaa. Samaki alikuwa mmoja.

Alikula upande wenye nyama.

Alhamisi, 30 Mei

Nimemfundisha mambo ya mjini. Kahawa inywewe umesimama kaunta. Ukikaa kwenye kiti cha nje kinachotazama uwanja, umenunua uwanja. Ile lifti ya chuma yenye foleni ndefu, achana nayo – ngazi za umeme za metro, treni ya chini ya ardhi, zinakufikisha kule kule juu. Tramu ya zamani usikate tiketi kwa dereva, kata kadi. Hilo la tramu nilimtuma akamuulize Bwana Hermínio, aliyeziendesha mpaka akastaafu. Jana jioni walizungumza ngazini mpaka mkate wake ukapoa. Nilikuwa nasikiliza nyuma ya pazia. Alimwambia kadi yoyote haina faida kwa mtu mwenye miguu mirefu kama ya Wibke.

Mchana akarudi amenuna. Kwenye mkahawa wamemwekea mkate, zeituni na jibini kabla hajaagiza. Akadhani ni zawadi. Kala vyote, halafu vyote vikaja kwenye bili. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, mkahawani kile usichokiagiza ukikigusa unakilipia, kirudishe. Akanitazama sana.

"Mkahawani wanakupa halafu wanakulipisha. Nyumbani mnanipa bure," akasema. "Basi nimeuelewa mji huu."

Nilipaswa kumsahihisha pale pale. Nilikuwa bado nacheka.

Jumamosi, 1 Juni

Odete kaja amefura. Nywele ziko kwenye vibanio, maana yake kesi ni kubwa.

"Zulmira, huyo twiga wako unamshindisha njaa?"

Kumbe Wibke amepita mtaa mzima. Jumatano kwa Odete, supu ya kabichi. Jana mchana kwa kinyozi, ambaye alikuwa na yai moja na nusu mkate kwenye karatasi. Jana jioni kwa wale ndugu wawili wa duka la mishumaa. Kila alipokaribishwa, kakaa. Kasifia. Kaomba namna ya kupika. Kinyozi kasema hajawahi kuona mtu anafurahia nusu yai kiasi kile, lakini leo atakula amejifungia chooni.

Nikamuomba Odete radhi. Nikasema nitaongea naye. Odete akasema ongea leo, halafu akiwa mlangoni akanitupia la pili kama mtu anayetupa maji ya kuoshea vyombo: Hermínio anahama. Mwenye nyumba anataka ile ghorofa iwe ya kupangisha wageni. Anakwenda kwa binti yake ng'ambo ya mto, Barreiro. Anaondoka siku ya mkesha wa Mtakatifu Antoni, sikukuu kubwa ya mji huu, tarehe kumi na mbili.

Nikasema aa, kumbe.

Nimeosha sufuria ile ile mara mbili. Imeniuma, sitajidanganya humu. Hata jioni, "Karibu tule" imenitoka na sauti ya kikohozi. Akasema starehe. Hakusema kitu kuhusu kuhama. Mimi pia sikuuliza. Na kwa Wibke sikusema lolote – sikuwa na nguvu za kufundisha mtu adabu.

Jumanne, 4 Juni

Wibke kanionyesha alichoandika kwenye mtandao. Watu wengi wameshasoma. Kanitafsiria kwa fahari, mtoto wa watu, mashavu mekundu. Kahawa ya kaunta ipo. Ngazi za metro zipo. Zeituni zipo. Mwishoni kabisa, mahali pa heshima:

"Wakazi wa Alfama wana ukarimu ambao sijauona popote Ulaya. Pita saa ya chakula cha jioni, tabasamu, utakaribishwa mezani. Kaa. Usiogope. Gharama: bure."

Na picha ya mtaa wetu. Dirisha langu linaonekana, na pazia lenye kiraka.

Nikamwambia picha ni nzuri. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 7 Juni

Imekuwa vita.

Odete alikuwa anakula kizingitini, kunde na samaki wa chumvi, joto limezidi ndani. Wakapita vijana wawili wenye kaptula na mabegi mgongoni. Akasema karibuni, bila hata kuinua macho. Anasema alipoinua, mmoja alishakalia ndoo na mwingine anauliza kama kitunguu kimo. Odete kaingia ndani, katoka na ufagio. Wakadhani ni ngoma ya kienyeji. Wakampiga picha.

Kwa kinyozi wamekuja watatu. Kwa wale wa mishumaa, familia nzima na kigari cha mtoto.

Odete kaitisha kikao ngazini. Hukumu: mpaka sikukuu ipite, hakuna kukaribisha mtu. Lakini huwezi kula dirisha wazi mtu apite usiseme kitu, mama yako atageuka kaburini. Kwa hiyo madirisha yafungwe. Milango ifungwe. Kila mtu ale kwake kimya kama mwizi.

Wote wakanitazama. Twiga ni wangu. Ningesema nini? Nikasema sawa.

Bwana Hermínio alikuwa amesimama juu kabisa ya ngazi na mkate wake. Hakupiga kura. Alivaa kofia akaondoka.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya tatu dirisha limefungwa. Joto la tanuri. Saa ile ile nasikia hatua zake zinapanda, zinapunguza mwendo hapa nje, halafu zinaendelea. Mimi niko ndani na uma mkononi. Zimebaki jioni chache na hata zile sala zetu za maneno mawili zimechukuliwa. Nilisukuma sahani pembeni nikalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Wibke akanikuta. Akauliza kwa nini mtaa wote umefunga madirisha, kuna msiba? Basi nikamwambia yote. Kwamba tunakaribisha kwa adabu, na mtu anakataa kwa adabu, na hakuna aliyewahi kutegemea kwamba mtu atakaa.

Shingo yake ikaiva nyekundu. Akauliza, hata wewe, ile siku ya samaki? Nikasema hata mimi. Akasema kwao mtu akikuambia ule, anataka ule, asipotaka, hasemi. Nikasema kwenu lazima mnakonda. Hakucheka. Alifungua simu yake akafuta yale maneno ya mwisho mbele yangu. Kisha akatoka, akagonga mlango mmoja mmoja akiomba radhi. Kwa Odete alikaa sana, nikajua wamepatana, kwa sababu alirudi na bakuli la kunde.

Tukala pamoja. Hapo ndipo kanishika pabaya.

"Na Bwana Hermínio? Yeye unataka aingie, au hutaki?"

Nikajifanya natafuta chumvi.

"Bi Zulmira."

"Nimemkaribisha kila siku tangu afiwe na mkewe."

"Umemkaribisha kwa maneno ambayo lazima ayakatae," akasema. "Angefanya nini, masikini? Ana adabu."

Nikamwongezea kunde ambazo hakuomba. Huyu mtoto kaja hapa kujua bei ya sabuni!

Jumanne, 11 Juni

Nilifungua dirisha. Odete na aseme. Nikaweka sahani, nikangoja. Bwana Hermínio hakupita. Alikuwa chini na mpwa wake, wanapakia kabati kwenye gari, kwa sababu kesho njia zitafungwa kwa ajili ya sikukuu. Nimeona kitanda kikienda. Nimeona saa ya ukutani imefungwa kwenye blanketi. Odete anasema Bwana Hermínio atalala leo kwenye godoro sakafuni, kesho jioni atavuka na kivuko.

Chakula kimepoa. Sikula.

Jumatano, 12 Juni

Naandikia jikoni, nimesimama, juu ya friji. Nje mtaa mzima ni moshi. Mkesha wa Mtakatifu Antoni hakuna cha madirisha wala hukumu ya Odete. Kila mtu katoa jiko la mkaa na meza, karatasi za rangi zinaning'inia, wageni wamejaa na wanalipia sardini kama watu wote. Odete anawauzia. Bei aliyopanga hata Wibke kashika kifua.

Jua bado liko juu ya mapaa. Nilikuwa kwenye jiko langu mlangoni, Wibke ananipepea mkaa. Akashuka Bwana Hermínio. Begi moja begani, koti la sikukuu, viatu vimepigwa rangi. Akafika mbele ya meza yangu. Mikono yangu ilikuwa na magamba ya samaki.

Nikasema, "Karibu tule, Bwana Hermínio."

Akavua kofia. "Starehe, Bi Zulmira."

Akapita. Hatua moja, mbili, mgongo wake ule. Wibke akanikanyaga mguu, kwa makusudi, na ana miguu mikubwa.

"Bwana Hermínio," nikasema. "Nimesema karibu."

Akageuka. Odete aliacha kuhesabu chenji. Sheria haina jibu la karibu ya pili, hakuna aliyewahi kuihitaji.

"Tayari umeshasema," akasema polepole.

"Ile ilikuwa ya adabu. Hii ni yangu."

Nimesema hivyo! Mbele ya kinyozi! Uso ulikuwa unaniwaka na siyo mkaa.

Akasema kivuko kitamwacha. Lakini mkesha wa Mtakatifu Antoni vivuko vinakwenda usiku kucha, hilo anajua yeye, najua mimi, anajua hata Wibke maana kaliandika kwenye mtandao. Wibke akafungua mdomo. Nikamkanyaga.

Halafu nikaona sahani ni mbili, ya kwangu na ya Wibke. Nikasema nisubiri, naleta ya tatu. Nikakimbilia ndani. Sahani hii hapa, nimeishika muda mrefu sasa. Badala ya kurudi nimefungua daftari hili. Nikitoka nikakuta hayupo je?

Nachungulia. Wibke kamsogezea kiti. Hajakaa. Begi bado liko begani, kofia mkononi. Sardini zangu zinaungua upande mmoja, na hakuna anayezigeuza, hawa watu!

Sasa kaweka kofia mezani.

Kachukua uma. Amesimama na begi lake na anageuza samaki wangu, mmoja mmoja, polepole, bila kuchubua ngozi. Anauliza kuelekea huku ndani, wala hanioni, mkate akate mwembamba au mnene.

Mnene