Adabu ya Maganga

Jumatatu, 1 Septemba
Leo nimeshona suruali tatu za sare, nimebadilisha zipu mbili. Jioni nimeongeza kiuno cha suruali yangu mwenyewe, mara ya tatu mwaka huu. Maganga, fundi viatu tunayegawana naye kibaraza hapa Mbagala, kasema Mzaramo akishiba lazima mtaa mzima ujue. Mnyamwezi yule ni mtani wangu, hana siku ya mapumziko. Nimefurahi. Kitambi si haba.

Alhamisi, 4 Septemba
Hospitali, kwa sababu mguu wa kushoto unakufa ganzi. Kipimo kimeonyesha si kitambi. Ni uvimbe, nyuma ya utumbo, umelalia figo. Ukubwa wa nazi. Nimeona aibu kuliko hofu.

Jumatano, 10 Septemba
Nimelazwa. Upasuaji kesho. Daktari hakuzungusha maneno: watafungua tumbo, watasogeza utumbo, watajaribu kuutoa mzima mzima. Ukibaki hata kidogo, utakua tena. Figo ya kushoto huenda ikaondoka nao. Nimesaini. Maganga katoa damu, akajisifu kwamba nitaamka Mnyamwezi. Nesi akamwambia damu yake inaingia benki ya damu, atapewa yeyote. Kanuna. Hofu imefika sasa.

Jumapili, 14 Septemba
Mshono kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu. Mpira wa mkojo. Nimebaki na figo moja. Siku mbili sizikumbuki kabisa. Nikimuuliza mke wangu Zuhura kama umetoka wote, anasema daktari ameridhika. Maganga kaja jioni. "Shikamoo, mzee." Tumezaliwa mwaka mmoja.

Ijumaa, 26 Septemba
Nyumbani. Maganga anakuja kila siku, anakaa, anauliza nimekula nini. Hataji tumbo langu, wala kabila langu. Namchukia kwa adabu yake. Watani hutania hata maiti. Huyu ananiogopa mimi mzima.

Jumapili, 28 Septemba
Zuhura alipokwenda sokoni nimemuuliza Maganga daktari aliwaambia nini. Katazama mlango kwanza.

"Kimebaki kipande, braza. Kimeshika mshipa mkubwa wa damu, wakaogopa kukivuta. Shemeji alisema tusikwambie."

Nimemshukuru. Sikulia. Nilitaka kujua, nimejua. Tumekunywa chai, tukaongea habari za bei ya soli. Alipoinuka nimemwomba kesho aje anitanie kama zamani.

Kasema atajaribu.