Ilifungwa Ikiwa Baridi

Jumatatu, 10 Juni

Mke wangu amepiga simu! Nilikuwa nafua. Nikaishika kwa mikono ya povu, nusura idumbukie kwenye beseni.

Anakuja Jumamosi. Basi linafika saa tisa alasiri, Jumapili anarudi. Kiwanda alikohamishiwa wanataka kumpa mkataba wa kudumu, awe msimamizi wa zamu, na Jumatatu ijayo lazima awape jibu. Akisaini ndiyo basi — maisha yake ni huko.

Nikamwambia hongera. Hongera! Ulimi huu ungekatwa tu.

Halafu akasema haamui jambo hili kwa simu. Anakuja anitazame usoni, nimwambie kwa mdomo wangu ninachotaka mimi. Siku ile anaondoka nilimwambia nenda tu, mimi nitakuwa sawa. Sijawa sawa hata siku moja. Chumba chetu kizima kinanuka mtu mmoja.

Jumanne, 11 Juni

Mashine ya tatu hapa kiwandani imetoa mabeseni kutwa nzima bila kununa. Mzee wetu yule. Mimi ndiye ninayeifungia kalibu zake tangu sijaoa.

Leo dada mpya anayesimama kwenye mlango wa mashine ameniuliza kwa nini mabeseni yanatoka na ndevu. Nikamweleza kama nilivyomweleza mke wangu zamani, neno kwa neno. Kalibu ni chuma cha pande mbili. Plastiki ya moto inasukumwa katikati kwa nguvu, na pande hizo zisipobanwa sawasawa inachuruzika ukingoni na kuganda — hizo ndizo ndevu. Kinachobana ni vile vyuma vya nyuma ya bamba linaloshika kalibu, vinavyojikunja na kunyooka. Tunaviita magoti. Yakishanyooka kabisa yamejifunga, huwezi kuyarudisha kwa kusukuma bamba.

Akasema ahaa, akarudi kazini. Mke wangu hakusema ahaa. Aliniuliza, na yakigoma kukunja je? Nikamjibu kwa maringo kwamba hayajawahi kunigomea.

Alikuwa anasimama pale pale. Ananyofoa beseni, anakata ndevu kwa kisu, shwaa, shwaa, beseni linalofuata. Wakamwita Mkasi. Mimi walishaniita Koleo. Tulipooana wakasema sanduku la vifaa limetimia! Akisikia mlio tu anapaza sauti: Koleo, magoti yako leo yanachechemea. Nazunguka nyuma, nakuta kweli, pini imekauka grisi.

Dada huyu ni mpole na kazi anaijua, sina neno naye. Kosa lake moja tu, si Mkasi.

Jumatano, 12 Juni

Nimejaribu maneno mbele ya kioo nikinyoa. "Rudi." Linasikika kama amri. "Nitakufuata huko." Na mashine ya tatu? Na shangazi, nimwache na nani? "Wewe amua tu, nitaridhika." Uongo mtupu!

Nimejikata kidevu. Sina la zaidi.

Alhamisi, 13 Juni

Amepiga tena, kwa kifupi. Anataka kujua kama nguo zake bado ziko kabatini. Nikasema zipo. Akasema usizisogeze, nikija nitaziangalia. Nikauliza unaziangalia kwa nini? Akasema mtandao unakatakata. Mbona mimi nilikuwa namsikia vizuri!

Nimempelekea shangazi habari hiyo chumbani kwake. Ndiye aliyenilea, na anapenda kujua kila kitu kabla hakijatokea. Akaacha kushona akafikiri. Akasema kama mwanamke anarudi kwake, haulizi nguo, anazikuta. Kama anahama, anauliza. Halafu akabadilisha: au anauliza ili wewe ushtuke. Nikamwambia shangazi, chagua moja. Akasema mke ni wako, chagua wewe. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na wewe muda wote huu unapiga nyoka kwa simu.

Nikaenda kulifungua kabati. Gauni lake la bluu liko kwenye hanga ya waya, bega moja limeteleza. Nililirudisha vizuri, kisha nikakumbuka ameniambia nisisogeze. Nikaliteremsha tena kama lilivyokuwa. Mtu mzima mimi!

Nimemkosa. Nimemkosa kwenye vitu vidogo vya kijinga. Alikuwa ananiwekea kisigino cha mkate, kile kipande cha mwishoni, kwa sababu anajua nakipenda, na sasa visigino vyote viwili ni vyangu, sivitaki.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefagia hadi chini ya kitanda. Nimebadilisha balbu ya sebuleni.

Meneja kaniita. Kesho asubuhi mashine ya tatu ivuliwe kalibu ya mabeseni, ivishwe ya vifuniko vya ndoo, mteja anavitaka mwanzoni mwa wiki. Fundi mwenzangu yuko likizo. Nikasema kesho nina mgeni. Akauliza mgeni gani? Nikasema Mkasi. Akacheka hadi akavua miwani. Akasema basi fanya haraka, kalibu ikishatoa vifuniko vizuri ondoka hata saa sita.

Haraka. Neno lenyewe hilo.

Maneno nimeshayapata, nadhani. Ni haya: nilikudanganya siku ile, siko sawa bila wewe, utakapokaa ndipo nitakapokaa. Ndiyo hayo tu. Nimeyasema jikoni kwa sauti. Shangazi akaitikia kutoka chumbani kwake: nani?

Jumamosi, 15 Juni

Naandikia juu ya kreti, kando ya mashine ya tatu. Saa ya ukutani inakaribia kumi. Basi limeshafika. Mimi niko hapa.

Nimefanya kosa ambalo ningemfokea mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kalibu hupashwa kwanza. Unapitisha maji ya moto ndani yake, unasubiri chuma kishibe joto, ndipo unarekebisha mbano. Najua hilo kuliko ninavyojua jina langu. Lakini winchi ya kunyanyulia kalibu ilikuwa imetuchelewesha hadi mchana, na mimi kichwani nilikuwa tayari kituo cha basi na shati safi. Nikaweka mbano wa mwisho ikiwa bado baridi. Magoti yakanyooka, klak, nikafungulia maji ya moto, nikaenda kunawa mikono.

Chuma kikipata moto kinavimba. Kikavimba kikiwa kimeshabanwa, hakina pa kwenda. Nikabonyeza kufungua — pampu ikanguruma, mabomba yakatetemeka, magoti hata kutikisika. Nikabonyeza tena. Dada wa mlangoni akarudi nyuma. Nikazima.

Meneja hakufoka. Bora angefoka. Aliitazama kalibu, akanitazama mimi, akauliza: ilikuwa baridi? Nikasema baridi. Akaondoka.

Dawa yake ni moja. Nimebadilisha maji, sasa yanapita ya baridi, na tunangoja chuma kinywee. Ukipiga nyundo unaharibu kalibu, na magoti yakifyatuka yanaondoka na mkono wa mtu. Ndiyo maana nimetia kufuli langu kwenye swichi kubwa. Hapa sheria ni hiyo, aliyetia kufuli haondoki hadi alitoe mwenyewe, kwa mkono wake. Hata meneja haligusi. Sheria hiyo niliitetea mimi mwenyewe kwenye kikao, kwa sauti kubwa!

Simu iko kwenye makabati ya getini. Nimemtuma mlinzi ampigie. Akarudi akasema haipokelewi.

Naiona picha yote. Amesimama kituoni na begi, anageuka kila anaposikia hatua. Hajaniona. Anasema moyoni, nimepata jibu langu.

Saa kumi imepita. Nimegusa kalibu, bado vuguvugu. 

Mlinzi amekuja mbio. Koleo, mtu wako yuko getini! Hakungoja kituoni, amekuja moja kwa moja. Nikamuuliza amekasirika? Akasema, sijui, anacheka tu, ana begi kubwa. Begi gani? La kijani, lenye gurudumu linalolia.

Lile kubwa. Mtu wa kulala siku moja habebi lile. Ama limejaa, na amerudi. Ama ni tupu, amekuja kuzoa nguo zilizobaki kabatini. Nimemuuliza mlinzi lilikuwa zito? Akasema amelikokota mwenyewe, atajuaje?

Ameingia. Wamemvisha kofia ya wageni, ya njano, inamwangukia machoni. Amepungua. Shingo yake — nilikuwa nimeisahau jinsi anavyoibeba. Kina dada wa meza ya ndevu wamepiga vigelegele, mashine mbili zimekosa watu. Amekuja hadi hapa na begi lake, gurudumu linalia njia nzima. Nikasema karibu. Baada ya yote yale ya jikoni, karibu!

Ameweka kiganja kwenye kalibu, akakiacha hapo kama mtu anayempima mtoto homa.

"Uliifunga ikiwa baridi."

"Nilikuwa nawahi kuja kukupokea."

"Na ulisema hayajawahi kukugomea."

Mdomo wake ulitaka kucheka, akauzuia. Akasema ngoja nikawasalimie wenzangu kabla hawajafukuzwa kazi kwa ajili yangu, nikirudi nataka unijibu. Akaliacha begi hapa.

Liko mguuni pangu. Nikilinyanyua kidogo tu, kwa kidole, nitajua. Mkono ulishafika kwenye mpini. Kama ni zito nitasema kwa raha, kama mtu aliyeshinda. Kama ni jepesi najijua, nitameza yote na kusema hongera tena.

Nimeutoa mkono. Silinyanyui. Nataka aambiwe na mtu asiyejua.

Magoti yamelia kidogo, tik. Bado hayajaachia. Kufuli liko palepale, siendi popote. Anarudi, kofia ameishika mkononi, anavuta kreti ya pili. Anauliza naandika nini. Nimesema sasa hivi nafunga. Amekaa. Magoti yake yanagusa yangu. Anasema, haya Koleo, nijibu. Naweka kalamu chini, naanza: nilikudanganya siku ile.