Fundi Sikio na Taa ya Njano

Tarehe 3 Machi

Mwanangu Bi Maabara,

Marahaba. Shikamoo yako imefika ikiwa nzima, haikukunjika njiani. Huku hatujambo. Mgongo wa mama yako ni ule ule tangu alipoteleza bafuni, akilala anacheka, akikaa anakunja uso, akisimama ananisema mimi utadhani ndimi niliyeimwaga ile sabuni. Mimi mzima kama chuma cha reli. Mgonjwa hapa ni mmoja tu, gari.

Unalikumbuka lile gari-nyumba aliloniachia mpima ardhi alipostaafu, la dizeli, lenye kitanda nyuma na jiko la kupikia chai. Nimelitandika godoro jipya. Mama yako kalala humo nikamzungusha mtaa mzima, akasema hakina ubaya kitanda hiki. Wewe unamjua mama yako, kwake hiyo ni sifa ya kupigiwa ngoma. Basi safari ipo. Kwenye basi hawezi kukaa hata robo ya njia, lakini kulala anaweza mpaka mwisho wa dunia, na wewe umesema unataka mtoto akizaliwa apokelewe na mikono ya bibi yake. Nimekuahidi, na ahadi yangu haina spea, ikivunjika hakuna ya kubadilisha.

Ila kuna kitu. Kwenye tambarare gari linakwenda kama bwana harusi. Likiona mlima linakuwa kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, linapunguza, linapunguza, linataka kurudi. Na kwenye dashibodi imewaka taa ya njano yenye picha ya injini. Nimeibandika plasta. Sasa haionekani.

Usihangaike. Injini zote za mji huu nimeziponya kwa sikio. Lori lilikuwa likikata kona mimi niko chooni, namwambia mwenzangu toa nozeli ya pili hiyo imekufa, na ikitolewa ni maiti kweli. Hawakuniita Fundi Sikio kwa ukubwa wa masikio, ingawa nayo ni makubwa. Nitalisikiliza tu, litasema lenyewe.

Simu usipige. Simu za siku hizi zinanong'ona. Andika.

Ni mimi baba yako,
Fundi Sikio


Tarehe 14 Machi

Baba yangu, shikamoo.

Sisi wazima. Mjukuu wako anacheza mpira tumboni, na naona timu yake inashinda. Mkwe wako anakuamkia, anasema amepasafisha mahali pa kuegesha.

Baba, plasta? Huku hospitalini mtu akija na homa hatukifichi kipimajoto. Mimi kutwa nzima napima damu za watu, na wanaonisumbua ni wale wanaosema hawaumwi huku wameshikilia ukuta. Hiyo taa ni gari linaomba kupimwa. Nimemuuliza dereva wa gari letu la wagonjwa, anasema ndani ya injini hizi kuna kompyuta, na likitokea kosa kompyuta inaliandika. Kuna vipimo vya kuchomeka vinavyosoma maandishi hayo. Si lazima kununua cha bei ya kutisha. Ila kabla hujanunua, tazama kwanza tundu la kuchomekea lina umbo gani, na umuulize muuzaji kama kinaelewa dizeli ya gari kubwa, maana vingine vinajua vigari vidogo vya petroli tu.

Kuna ule mlima wa njiani, upande ukuta, upande hewa tupu. Sitaki gari likate pumzi pale mama akiwa amelala nyuma hawezi hata kushuka. Kwa hiyo naandika kama binti na kama mtu wa vipimo: kama hujajua taa inasema nini, msije. Nitamleta mtoto mwenyewe atakapoweza kusafiri, hata kama ni mwakani.

Sikio lako naliheshimu, Baba. Nimekua nikilisikia likisifiwa. Lakini mama ameniambia habari ya birika la mluzi, kwamba lilipiga mluzi mpaka likaungua, na wewe umekaa pembeni yake unanoa patasi.

Mwanao,
Bi Maabara


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Salamu ni zile zile, afya ni ile ile, sitaki kupoteza wino.

Birika lile limetengenezwa vibaya. Mluzi wake ni wa kitoto. Na mama yako apunguze simu.

Nimekwenda dukani kwa wauza spea, si kwa sababu umesema, nilikuwa napita. Muuzaji kanipangia mezani vipimo vitatu. Kimoja kidogo kama kiberiti. Kimoja cha kadiri, kina kioo chake na waya mnene kama mkia wa ng'ombe. Cha tatu sanduku zima, mtu anaweza kuhamia nalo. Nikamwuliza kile kidogo kinaweza nini, akasema, "Mzee wangu, hiki kinamaliza kila kitu." Nikasema funga. Yaani mimi niliyefungua injini kabla baba yake hajajua kufungua mlango nitumie bei ya ng'ombe kununua mkia?

Kutazama tundu kwanza sikutazama. Fundi hatazami tundu, tundu ndilo linalomtazama fundi.

Nikafika nyumbani. Kipimo kina kichwa cha pembe pembe. Tundu la gari ni la duara. Nikasukuma. Nikasukuma tena kwa adabu. Nikalala chini ya usukani nikasukuma bila adabu. Mama yako akauliza kutoka kitandani, "Kinaingia?" Nikasema kinakaribia. Akasema, "Kwa sauti hizo unazotoa naona kama ni wewe unayeingia." Akacheka mpaka mgongo ukamkamata, nikaacha kipimo nikaenda kumkanda, huku bado anacheka.

Kitu rahisi ni ghali, hilo walishasema wakubwa, na mimi ni mkubwa, kwa hiyo nililijua.

Sasa nimeamua. Sinunui tena kipimo. Nang'oa turbo zima nitie lingine. Gari linalokosa pumzi mlimani, mapafu yake ni turbo, halihitaji kupigwa picha.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 11 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwa sauti kazini, wamecheka wote hata mgonjwa aliyekuwa anaogopa sindano. Ahsante kwa hilo.

Turbo usiling'oe, nakuomba. Ukishaling'oa na ukatia jingine, na gari likakataa, utakuwa umezika mtu asiyeumwa na ugonjwa bado uko nyumbani. Kirudishe kile kidogo, wala usione haya. Lile sanduku nalo liache, dereva wetu anasema ni la gereji zenye malori mengi na kila mwaka unalilipia upya ili liendelee kusoma. Wewe una mgonjwa mmoja. Kile cha kadiri ndicho chako, ila mwambie muuzaji akichomeke mbele yako, kwenye gari lako, ndipo ulipe. Kiwe na kichwa cha duara. Kiwe kinaonyesha namba injini ikiwa inafanya kazi, si kosa peke yake. Na maandishi yawe makubwa, uyaone bila kuazima miwani ya mama.

Neno moja la kazi yangu. Majibu ya kipimo siyo ugonjwa. Nikiandika damu imepungua, sijasema nani ameinywa. Bado lazima mtu atafute. Na hapo ndipo penye kazi yako, sio yangu.

Daktari ananiambia mtoto huenda akawahi. Sikutaka kuandika hivi lakini nimeshaandika: naogopa, Baba. Huwa napima watu siku nzima, lakini hili la kwangu mwenyewe siwezi kulipima. Namtaka mama.

Mwanao


Tarehe 29 Aprili

Baba, shikamoo.

Hujajibu. Mama nikimpigia anacheka tu, anasema habari za gari aulizwe mwenye gari, na kwamba umemkataza kuharibu hadithi yako. Kama ni hadithi nzuri iandike haraka. Kama ni mbaya, iandike haraka zaidi.

Mwanao


Tarehe 5 Mei

Mwanangu Bi Maabara,

Marahaba, na marahaba ya ile barua nyingine ambayo sikuijibu. Nilikuwa mlimani.

Kile kidogo nilikirudisha. Muuzaji akaanza kusema kitu kilichonunuliwa hakirudi, nikamwambia basi njoo ukichomeke mwenyewe, ukiweza nakuachia na gari. Akaja, akalala chini ya usukani, akasukuma kama nilivyosukuma mimi. Alipotoka ana vumbi mpaka kwenye nyusi akaniletea cha kadiri bila kuulizwa. Kikaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Herufi zangu unazijua zinatembea kwa magongo, lakini namba nazisoma kama mtu anayesoma jina lake, na hiki namba zake ni kubwa, hata kuku angeziona.

Kikasema: hewa ya turbo iko chini. Nikapiga makofi. Nikasema si nilisema? Turbo! Nikaenda kuchukua spana. Nimeshafungua boneti, nikakumbuka maneno yako ya nani ameinywa damu. Mimi sipokei amri. Lakini spana yenyewe ilikuwa nzito siku hiyo, nikaiweka chini.

Nikakifunga kipimo juu ya dashibodi, mama yako nyuma amelala, tukaupanda mlima wa hapa nyuma ya mji wetu. Namba ikapanda vizuri, ikapanda, halafu ikaanguka kama mtu aliyekosa ngazi, na gari likakata pumzi pale pale. Nikateremka nikapanda tena. Vile vile. Na hapo mama yako akasema, "We mzee, huo mluzi ni wa nini?"

Nikasema mluzi gani.

Akasema, "Huu! Kama birika letu."

Mwanangu, mimi sikusikia kitu. Nimeandika mara moja, usisome mara mbili.

Injini ilikuwa inanguruma pale mlimani, hiyo naisikia. Halafu mama yako, wala hakunicheka, akasema, "Sasa fanya hivi. Wewe tazama namba zako, mimi nisikilize, mluzi ukianza nakugusa." Akachukua mkongojo wake. Tukapanda. Kila namba ikianza kuanguka ananipiga mkongojo begani. Kunigusa gani huko, bega mpaka leo lina rangi nyingine. Lakini havikupishana hata mara moja, namba na mkongojo. Basi nikajua. Turbo linapuliza vizuri, ila hewa inatorokea njiani.

Nikazima, nikaacha injini ipoe, nikapitisha kidole kwenye ule mpira mnene unaopeleka hewa kutoka kwa turbo. Juu mzima kabisa, unang'aa. Chini, mahali ambapo jicho halifiki, umelowa mafuta, na nikiubinya unafungua mdomo kama samaki. Mpira tu! Nami nilitaka kuzika turbo zima.

Nimetia mpya. Nimefuta lile kosa kwenye kompyuta. Tukapanda mlima tena, namba ikapanda ikakaa huko huko juu, mkongojo haukunigusa. Nikabandua plasta. Nyuma yake palikuwa na giza, taa imezimika. Nilisimamisha gari kileleni nikamgeukia mama yako nikamwambia, umeona kazi ya Fundi Sikio? Akasema, "Nimeona. Sikio lenyewe limelala huku nyuma." Tukacheka wote wawili, na safari hii mgongo haukumkamata.

Majirani nimewaambia ni mimi. Siyo uongo, spana niliishika mimi.

Usijibu barua hii, haitatukuta. Tunatandika kitanda. Usiogope mwanangu. Mimi ninacho kipimo mbele na mama yako nyuma, hakuna kitu kitakachotupita bila kusemwa. Na wewe kaa hivyo hivyo, wa kukusikiliza anakuja amelala.

Baba yako


Leo, mlangoni kwenu

Mwanangu, mkwe wangu,

Hamjambo humo ndani? Taa haikuwaka njia nzima. Ule mlima wa ukuta na hewa tupu tumeupanda mama yako akiwa anakunywa chai.

Nimegonga sana. Labda mmeitika, labda mmesema subiri, mimi sijui, ndiyo maana nawapitishia karatasi hii chini ya mlango. Mama yako yuko kitandani kwenye gari, dirisha wazi. Anasema tangu nilipozima injini anasikia mtoto mchanga analia humo ndani. Anasema ana sauti nzima, ya mtu mwenye afya. Analia yeye pia, mama yako, lakini huyo namwona kwa macho.

Nimeweka sikio ukutani. Nimeweka la kulia, nimeweka la kushoto. Bado.

Fungueni, nimsikilize kwa karibu.

Ni mimi,
Babu