Mvumo Kwenye Redio

Kifanya, Jumanne

Nimemficha mke wangu kwamba kila siku namwomba Mungu asinichukue kabla sijamaliza chujio hili la mawimbi. Nataka kumsikia binti yetu Neema akisoma salamu kwenye redio ya Makambako, walau mara moja, bila ule mvumo unaoifunika sauti yake.

Nimeulaumu mnara mpya wa simu wa kilimani kwa mvumo huo. Nimezungusha waya wa shaba wa mota mbovu kwenye bomba la kalamu, nikaunga kapasita, kile kidude cha kuhifadhi umeme, kwa risasi ya kuchomelea na msumari uliochomwa jikoni, nikafunika yote kwa kopo la maziwa. Nimeshaharibu machujio matatu.

Leo jioni nimefunga la nne kwenye waya wa antena. Mvumo uleule! Nikataka kulitupa uani.

Mke wangu akacheka, akaniinamia sikioni. "Baba Neema, unahangaika nini? Si mwanao huyo anaongea? Mimi namsikia kila siku, hata kabla ya hayo makopo yako!"

Nikazima redio ili nimjibu.

Mvumo ukaendelea.

Sina cha kusingizia tena. Umo masikioni mwangu, na sauti ya Neema sitaisikia.