Leso Juu ya Maiki

Kasulu, 2015

Mzee wangu Rajabu,

Mwakeye. Najua ungenijibu kwa Kiswahili chako cha Tanga, "Toa salamu ya watu, binti, hapa si kwenu Gwarama," kisha ungecheka peke yako. Basi, asalamu alekumu, Mzee. Miezi saba imepita tangu ulipotutoka pale hospitali ya Kabanga, na mimi Jenista wako, niliyekaa kwenye stuli kando yako nikijifunza kutafsiri filamu, ndiyo kwanza nashika kalamu. Si kwamba sikuwa na la kusema. Wewe ndiye uliyekuwa ukilalamika kwamba sinyamazi.

Nianze na habari za banda letu la video, maana ungeziuliza hata kabla ya habari za wanangu. TV ya chogo imekufa. Ilizima katikati ya mapigano, adui akiwa bado ana bunduki mkononi, na haikuwaka tena. Sasa tuna ya bapa, na wa benchi la nyuma wanasema wanaangalia stempu. Vijana wamepungua. Wanaangalia kwenye simu, vichwa vinne juu ya kioo cha ukubwa wa kiganja, na hawataki kutafsiriwa. Lakini tumepata wageni. Warundi walioingia mwaka huu, wale wanaofika mjini siku za soko, nikichomekea Kiha kwenye tafsiri wanacheka kabla ya Waha wenyewe. Ungependa kuwaona.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Kuna swali nimelibeba tangu Jumapili ile ya watu wa kuimba. Sikukuuliza ukiwa mzima, na hospitali sikupata nafasi. Je, nilikukosea?

Unakumbuka nilivyokuja kwako. Ilikuwa 2012, nimetoka kwenye ndoa na watoto wawili na beseni la maandazi, nimekaa mlangoni pa banda lako. Ulinikuta nawasimulia wateja filamu ambayo sikuwa nimeiona hata kidogo, nimeisikia tu kwa sauti yako ikipenya mabati. Ulisimama ukanisikiliza mpaka mwisho. Ukasema, "Huyo mama mkwe hakuwa mbaya kiasi hicho, lakini wako ni bora." Wiki iliyofuata nikawa ndani, kwenye stuli, najifunza kuwa staringi, kuwa adui, kuwa mama mkwe, kuwa mbwa anayebweka, wote kwa mdomo mmoja na maiki moja.

Kila kitu ulinifundisha bila ugomvi, isipokuwa nyimbo. Filamu za Kihindi ndizo zilizokuwa roho yako, na Kihindi chako ulikiokota Tanga ukiwapimia watu vitambaa dukani. Mazungumzo uliyatafsiri mpaka kikohozi. Lakini wimbo ukianza tu, unatoa ile leso yako nyeupe mfukoni, unaitandika juu ya maiki kama mtu anayefunika chakula, unakunja mikono. Hapo hata mvua ya mawe ikinyesha juu ya bati, husemi neno mpaka wimbo uishe.

"Wimbo hautafsiriwi, binti," ndivyo ulivyoniambia. "Anayesema anakueleza jambo. Anayeimba ameshamaliza kueleza."

Mimi nyimbo zile zilinichosha, sikukuficha. Msichana mmoja anabadilisha nguo mara tano ndani ya wimbo mmoja, amesimama kwenye theluji na sari nyepesi, hapati hata mafua. Na nilikuwa naona watu. Wimbo ukianza, wanaume wanatoka kwenda kukojoa na kuvuta sigara, na akina mama wananigeukia, "Jenista, anasema nini huyo?" Nikawa nawanong'oneza maneno ya kubuni. Uliponikamata ulikasirika kweli. Ulisema namwekea mwenzangu maneno mdomoni. Nikakujibu kwamba sisi wa Gwarama hatuwezi kumlilia mtu bila kujua amepatwa na nini. Ukanisimulia habari za mama yako, alivyokuwa akienda sinema na buibui lake, hajui Kihindi hata cha kuombea maji, na akirudi nyumbani anakaanga samaki huku akiimba nyimbo zote, machozi yanamtoka. Nikasema huenda yalikuwa ya kitunguu. Siku tatu hukuniita binti. Uliniita "bibie."

Halafu akaja Papa Ezekieli, yule Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu aliyekuwa akituletea CD. Alikuwa na moja ambayo hakuiweka pamoja na zingine, ameifunga kwenye gazeti. Alisema wazazi wake walikuwa na santuri ya namna hiyo huko kwao, na walikuwa wakimnyamazisha kila inapowekwa. "Mzee, iyi ni ya kuimba," alisema. "Banaimba mwanzo mpaka mwisho. Hata kama banakufa, banaimba." Wewe masikio yako yaliishia kwenye neno kuimba. Ukadhani ni kama za Kihindi, ila ya Ulaya.

Desturi yako ilikuwa kuangalia kila filamu asubuhi, peke yako, kabla watu hawajaja. Jumapili hiyo jenereta liligoma, fundi akamaliza kulitengeneza watu wakiwa tayari mlangoni. Kwenye ubao ulikuwa umeandika kwa chaki, kwa mwandiko wako wa kujivuna, FILAMU MPYA YA NYIMBO, ULAYA. Banda lilijaa. Akina mama walikuja na vitenge vya kanisani, mkeo Mama Zuhura tu ndiye hakuja, yeye hakuwa mtu wa banda.

Pazia likafunguka. Si mji, si mlima, si barabara. Ni jukwaa, kama lile la kwaya, ila na taa nyingi. Akatoka baba mmoja mnene, akasimama katikati, akafungua mdomo akaimba. Wewe ukatoa leso, ukafunika maiki, ukakunja mikono kungoja amalize.

Hakumaliza. Akaja mama mmoja naye akaimba. Wakaimba pamoja. Wakaingia watu ishirini, nao wakaimba. Robo saa. Nusu saa. Watu wakaanza kugeuka. "Mzee, maiki imekufa?" "Wanagombana hao au wanasalimiana?" Yule mchinjaji wa nyuma akapaza sauti, "Yemwe! Tumekuja msibani?" Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Nilidhani utaondoa leso. Siku ya kawaida ungejua cha kufanya, lakini siku hiyo ulikuwa umeganda, umeinama mbele kidogo, mdomo wazi. Nikadhani umeaibika. Nikadhani nakuokoa.

Nikavuta maiki kutoka chini ya leso yako.

Mzee, sijawahi kusema uongo mtamu kama ule. Nilisema baba mnene ni mfanyabiashara wa maharage kutoka Nyabibuye, amekuja kuposa. Yule mama hamtaki, anamtaka kijana mwembamba mwenye upanga ambaye hana hata jembe. Wale watu ishirini nikawafanya wajomba, wamekuja kugombania ng'ombe wa mahari. Banda likavunjika mbavu. Akina mama wakawa wananijibu, wananipa majina ya watu wanaowafahamu. Tukaenda hivyo mpaka mwisho, mpaka yule mama akachomwa kisu.

Akaanguka. Sote tukajua amekufa. Kumbe. Akajiinua kwa kiwiko, akaanza kuimba upya, taratibu. Akalala. Akajiinua tena. Nami nikasema kwenye maiki, kwa sauti ya shangazi yangu, "Huyu si wa kufa leo, ana uji jikoni!"

Nilisikia bati likitikisika kwa kicheko. Nikageuka nikuone ukicheka. Machozi yalikuwa yanakutiririka mpaka kwenye ndevu, na hayakuwa ya kucheka. Ulikuwa unamtazama yule mama kama mtu anayejaribu kusikia mazungumzo ng'ambo ya barabara yenye kelele. Kelele zenyewe zilikuwa mimi. Ukainuka, ukatoka nje, ukasimama kando ya jenereta mpaka filamu ikaisha.

Watu walipotawanyika ulirudi, ukachukua leso yako sakafuni, ukaikunja. Ulisema neno moja tu, "Umewafurahisha." Tangu wiki ile ukaniachia maiki moja kwa moja, pamoja na nyimbo. Ukahamia kwenye kiti cha mlangoni. Watu waliniambia nimepandishwa cheo. Mimi nilijua nimekunyang'anya kitu, ila sikujua ni kitu gani, na kuuliza nikaogopa. Niliona haya, Mzee. Mimi nisiyenyamaza.

Ulipolazwa Kabanga nilikuja na uji wa ulezi na habari za mjini. Ulikuwa umekonda, sauti imebaki kidogo. Uliniuliza, "Ile CD ya watu wa kuimba iko wapi?" Basi. Nikajua unataka kuisikia kabla hujaenda, uisikie safari hii bila domo langu. Na mimi nilikuwa nimemwazima binamu yangu wa Kibondo tangu mwaka jana, na sikuwa hata na uhakika kama bado anayo.

Nilikwenda Kibondo kesho yake. Alikuwa nayo, ilikuwa ndani ya Biblia, usiniulize kwa nini. Nikaifunga kwenye kitenge nikapanda lori kurudi. Mvua ilinyesha, barabara ikawa uji, lori likazama, tukalala njiani. Nilipofika Kasulu mchana wa siku ya pili niliona wanaume wanarudi na kofia zao, kanzu zina matope ya makaburini. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Niliingia kwa Mama Zuhura na CD yako kwenye kitenge na sikuweza kumwambia nimebeba nini.

Nikaapa nitaionyesha, mara moja, kama ulivyotaka. Nikangoja Mama Zuhura amalize eda. Mwezi uliopita nikaandika kwenye ubao, kwa mwandiko wangu mbaya: FILAMU YA NYIMBO, HAITAFSIRIWI. Walikuja kama thelathini, wakidhani ni utani wangu. Nikawasha. Nikatoa leso yako, ile ile, Mama Zuhura alikuwa amenipa, nikaitandika juu ya maiki. Nikakunja mikono.

Nikwambie ukweli? Nilipiga miayo. Baada ya nusu saa walishatoka ishirini na zaidi, na ningekuwa mteja nami ningetoka. Yule baba mnene bado ni mnene, bado anasimama mahali pamoja. Mdomo uliniwasha kama una pilipili. Mpaka kufikia kisu tulibaki wanne: mimi, Papa Ezekieli aliyefumba macho, mama mmoja wa Kirundi na mtoto aliyelala mgongoni, na Mama Zuhura benchi la mbele, ushungi mweupe, mikono magotini. Ndiyo mara yake ya kwanza kuingia banda lako.

Yule mama akachomwa. Akaanguka. Akajiinua kwa kiwiko, akaanza ule wimbo wa taratibu, na safari hii nikausikia. Kuna mahali anakata pumzi, Mzee. Katikati ya wimbo anavuta hewa, unaisikia kabisa ikiingia kifuani, kisha anaendelea. Mahali pale pale ndipo nilipotia shangazi yangu. Nilijiinamia. Nilisema moyoni, hiki ndicho nilichokunyang'anya.

Akalala. Akajiinua tena. Na kimya kile chote kikavunjwa na Mama Zuhura, kwa sauti yake ndogo ya Kitanga, bila kugeuka:

"Huyu si wa kufa leo, ana uji jikoni."

Mawe we! Nilitazama huku na huku kama kuna mtu mwingine kasema. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikamfuata benchini, nikamuuliza kayajua wapi maneno hayo. Akafuta macho kwa ncha ya ushungi. "Ah, Jenista. Si aliyaleta nyumbani yule? Siku ile ile alirudi macho mekundu, akanambia, 'Nimesikia mwanamke anaimba, Mama Zuhura, nimemkumbuka mama.' Kisha akalala chini kwenye mkeka, akajiinua kwa kiwiko, akaigiza. Akacheka mpaka akapaliwa. Kila nikiugua, hata homa tu, anakuja mlangoni pa chumba: huyu si wa kufa leo." Akajifunga ushungi upya. "Na mimi nilimwambia hivyo hivyo, kule Kabanga. Alitabasamu."

Tulicheka, Mzee, tukalia, vyote kwa pamoja, mpaka mtoto wa yule Mrundi akaamka. Papa Ezekieli alitukemea, "Muache batu basikilize!" Na filamu ilikuwa imeshaisha.

Kwa hiyo sasa sijui. Pale kitandani ulipoulizia CD, ulitaka umsikie yule mama peke yake, au ulitaka nije niitafsiri wodi nzima icheke? Nimegeuza geuza na sipati. Ungesema neno moja zaidi. Lakini wewe ulimaliza kueleza, ukanyamaza.

Nakuaga sasa, watu wananingoja mlangoni. Usitegemee kwamba nimebadilika. Nyimbo za Kihindi bado ni ndefu, na nitazitafsiri zote, neno kwa neno, na maneno nisiyoyajua nitayabuni, kwa sababu akina mama bado wananiuliza anasema nini. Kwa hilo tutagombana mpaka nikufuate. Ila hii moja nakuahidi. Kila mwaka nitaionyesha mara mbili: mara moja maiki ikiwa chini ya leso yako, mara moja ikiwa mkononi mwangu. Mama Zuhura ameshaweka nafasi ya mbele, zote mbili.

Na ile ya leso, pale anapokata pumzi, nitanyamaza hata kama banda zima litatoka. Pumzika, Mzee wangu. Yule mama mwache afe anapotaka mwenyewe.

Binti yako,
Jenista